Vipimo vya spora za uyoga: andika hivi ili mwingine aweze kulinganisha

"Spora 7–9 × 5–6 µm, laini." Maelezo ya aina hii yamejaa kwenye madaftari ya uyoga, na kwa mtu wa pili hayana kazi. Zilipimwa spora (chembe za uzazi za uyoga) ngapi? Zilidondoka zenyewe au zilikwanguliwa kwenye mikunjo ya chini ya kofia? Zilikuwa kwenye maji au kwenye KOH (haidroksidi ya potasiamu)? Mtu mwenye sampuli ya Mpwapwa anayetaka kuilinganisha na ya Kondoa hawezi kujua kama tofauti ya mikromita (µm) moja imeletwa na spishi au na mpimaji.

Huku Dodoma tatizo huanza kabla hata hadubini haijawashwa. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua ikikatika siku chache tu, jua na upepo hukausha kofia kabla haijamaliza kudondosha spora. Ukikwangua mikunjo ya uyoga wa namna hiyo utapata spora changa nyingi, ndogo na zenye kuta nyembamba, na wastani utashuka. Kwa hiyo pima spora zilizodondoka. Kata shina, laza kofia juu ya slaidi safi, weka tone la maji juu ya kofia, funika kwa bakuli, acha saa 4 hadi 12. Bakuli ni la lazima: vumbi letu lina chembe zenye ukubwa uleule wa spora, na chavua ya nyasi nayo humdanganya anayeanza. Kama umelazimika kukwangua, andika kwamba umekwangua.

Maji ya bomba ya hapa yana chumvi nyingi. Tone likianza kukauka, fuwele hujaa ukingoni mwa kioo. Tumia maji yaliyokenekwa. Yanauzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, ila soma lebo, maana tindikali ya betri huwekwa rafu hiyohiyo. KOH ya 10% hupatikana kwenye maabara za hospitali, ambako hutumika kuchunguzia fangasi wa ngozi. Changanya sehemu moja na maji sehemu moja upate 5%, nayo inatosha kulainisha sampuli kavu. Rangi ya spora iangalie kwenye maji, kwa sababu KOH hubadilisha rangi nyingi.

Rula iliyo ndani ya lenzi ya jicho haina thamani yoyote mpaka uilinganishe na rula ya kioo inayowekwa jukwaani, yaani milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila kigawe µm 10. Vigawe 80 vya lenzi ya jicho vikilingana na µm 100, kila kimoja ni µm 1.25. Fanya hivyo kwa kila lenzi ya hadubini hiyo. Ukihamishia lenzi ya jicho kwenye hadubini nyingine, anza upya. Spora pima kwa lenzi ya 100x na mafuta yake. Hadubini ya mwanga haitenganishi vizuri vitu vilivyokaribiana kuliko µm 0.2 hivi, kwa hiyo ukiona mtu ameandika "7.34 µm" ujue hiyo ni programu ya picha inayojidai. Desimali moja yatosha.

Sasa spora yenyewe. Pima ile iliyolala ubavu, ambayo kikonyo chake (kile kinundu cha pembeni kilichoishikiza kwenye basidia, yaani seli inayozaa spora) kinaonekana upande mmoja. Iliyolala kifudifudi huonyesha upana tofauti. Usijumuishe kikonyo, wala vinundu na matuta ya ukutani. Urefu wa vinundu uandike peke yake. Kwenye uyoga wa jenasi Russula, ambazo miombo ya milima ya Irangi inazo, kosa hilo moja laweza kuongeza zaidi ya µm 1 kila upande. Pima angalau 30 kwa kila uyoga, kwa mpangilio zinavyokuja machoni. Kuchagua zilizo nzuri ndiyo njia ya haraka ya kupata kipimo cha uongo. Majitu machache yatakuwepo. Mengi hutoka kwenye basidia zenye spora 2 badala ya 4. Yaweke kwenye mabano, usiyafute.

Namna ya kuandika, kwa mfano wa kubuni:

[60/3/2] (6.8–)7.2–8.1–9.0(–9.6) × (4.6–)5.0–5.5–6.0(–6.3) µm, Q = 1.32–1.62, wastani wa Q 1.47, spora zilizodondoka, KOH 5%.

Yaani spora 60, uyoga 3, makusanyo 2. Namba ya katikati ni wastani, mbili za kandokando yake zinashika 90% ya spora, na zilizo mabanoni ni za mwisho kabisa. Q ni urefu kugawanya kwa upana wa spora ileile. Maneno ya umbo yafuate Q, si jicho: mwaka 1969 mtaalamu wa uyoga Cornelis Bas wa Uholanzi aliweka mipaka ambayo bado inafaa. Hadi 1.05 ni duara, hadi 1.15 karibu duara, hadi 1.3 yai pana, hadi 1.6 yai, hadi 2 yai refu, hadi 3 mcheduara, na kupita hapo ni kijiti.

Kwenye dawa ya iodini ya Melzer (iodini g 0.5, iodidi ya potasiamu g 1.5, kloroli haidreti g 22, maji ml 20) ukuta wa spora huwa wa bluu-nyeusi, wa kahawia-nyekundu, au hubaki wa njano. Mabaki ya KOH huua rangi ya iodini, kwa hiyo suuza kwanza kwa maji. Weka pia spora za Russula unayoijua pembeni. Zisipoonyesha bluu, dawa imeharibika. Lugoli ya maabara (iodini ya maji isiyo na kloroli) inaweza kutoa jibu tofauti, hivyo taja umetumia ipi. Kipimo hiki husaidia kutenganisha Chlorophyllum molybdites, inayotapisha na kuharisha, na uyoga wa kichuguu (Termitomyces): spora za ya kwanza ni kubwa, µm 8–13, zina tundu la kuchipulia na hugeuka kahawia-nyekundu, za Termitomyces ni µm 6–9 hivi, hazina tundu na hazigeuki.

Mbali na spora, ngozi ya kofia ikatwe wima kwa wembe mpya, nusu ya njia kati ya kitovu na ukingo, kwa kuwa kitovuni seli husimama tofauti. Basidia pima bila vipembe vyake vinavyobeba spora. Ukitafuta klampu (vifundo vya ubavuni kwenye maungio ya seli) kwenye nyuzi za uyoga usizipate, andika "hazikuonekana" na utaje ulikotafuta. "Hazipo" ni dai zito.

Jozi zote za urefu na upana ziandike kwenye karatasi inayokaa ndani ya bahasha ya sampuli kavu. Masafa yaliyochapishwa hayawezi kurudishwa kuwa Q, na atakayeigawa spishi hiyo kuwa mbili atahitaji zile jozi.