Watu 48 kwa 82: utafiti wa Mwanza uliokanwa ng'ambo ya ziwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkoani Mwanza, watafiti waliwafuatilia maelfu ya watu wazima kwa miaka miwili, waone kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi ya VVU. Upande wa tiba iliyoboreshwa watu 48 waliambukizwa VVU, upande wa huduma za kawaida watu 82. Tofauti ni watu 34, ambao hawajazi hata basi la Mwanza–Musoma. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995, tofauti hiyo iligeuza mjadala wa kinga ya UKIMWI duniani kote. Miaka minne baadaye utafiti mwingine, uliofanyika ng'ambo ya Ziwa Victoria hili hili, ukaonekana kuyakana kabisa.

Nafanya kazi ya utafiti wa afya hapa Mwanza, na kisa hiki nakikumbuka kila ninapoulizwa swali ambalo mama mmoja muuza dagaa aliniuliza pale Mwaloni Kirumba: "Daktari, ninyi watu mbona hamtulii? Jana mlisema hili, leo mmegeuka. Sisi tushike lipi?" Siku ile nilimjibu ovyo. Nilimwambia sayansi hubadilika, kana kwamba hilo ni jibu. Hata bei ya dagaa hubadilika.

Swali la watafiti wa Mwanza lilitokana na jambo ambalo waganga wengi walikuwa wamelishuhudia. Wagonjwa wenye kaswende, kisonono na vidonda vya sehemu za siri walikutwa na VVU mara nyingi kuliko watu wengine. Ilikuwa rahisi kusema kidonda ndicho mlango wa virusi, basi tibu kidonda ufunge mlango. Lakini wenye miavuli nao huonekana na matope miguuni, na hakuna anayesema mwavuli huleta matope, kwa kuwa mvua ndiyo iliyoleta vyote viwili. Huenda mwenye wapenzi wengi hupata magonjwa ya zinaa na hupata VVU, kila kimoja kwa njia yake, na ukitibu kisonono hujapunguza VVU hata kidogo. Kwa kuwatazama wagonjwa tu, hata kwa miaka 20, huwezi kuzitenganisha habari hizi mbili. Lazima uingie uondoe kimoja, uone kingine kitafanya nini.

Ndivyo walivyofanya. Walichukua jamii 12, kila moja ikiwa na kituo chake cha afya na zahanati zinazokizunguka. Wakazipanga mbili mbili kwa kufanana, za mwambao na za mwambao, za barabarani na za barabarani, wakiangalia pia ukubwa wa tatizo la magonjwa ya zinaa. Kisha katika kila jozi wakaacha bahati nasibu iamue ni jamii ipi itaanza kupata huduma iliyoboreshwa. Huko wahudumu walifundishwa kutibu kwa dalili bila kungoja maabara, dawa zilifika bila kukatika, wasimamizi walipita mara kwa mara, na wananchi walielimishwa waje mapema. Jamii nyingine katika kila jozi iliendelea na huduma za kawaida za wakati ule.

Bahati nasibu hiyo wengi huiona kama mchezo, nami naiona ndiyo moyo wa jambo zima. Ukimwachia mganga mkuu achague, atapeleka dawa kwenye kituo chenye mhudumu mchapakazi, au chenye shida kubwa zaidi, au kile kilicho karibu na lami. Kila uchaguzi wa binadamu una sababu, na sababu hiyo itakuja kujichanganya na matokeo. Kura haina rafiki wala haijui barabara ya lami iko wapi.

Katika kila jamii walisajiliwa watu wazima wapatao 1,000. Baada ya miaka miwili, kati ya watu 4,149 ambao hawakuwa na VVU mwanzoni kwenye jamii zilizoboreshewa huduma, 48 walikuwa wameambukizwa, yaani asilimia 1.2. Kwenye jamii linganishi walikuwa 82 kati ya 4,400, asilimia 1.9. Baada ya hesabu za kurekebisha tofauti ndogo ndogo za mwanzoni, maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Watu hawakuwa wameripoti mabadiliko ya mwenendo wa ngono, kwa hiyo isingesemwa kwamba ni semina tu zilizowatisha.

Je, haikuwa bahati tu? Katika jozi zote sita, maambukizi yalikuwa machache upande ule ule, wa huduma bora. Rusha sarafu mara sita. Uwezekano wa upande uliouchagua kabla kutokea mara zote sita ni mmoja katika 64. Si muujiza, lakini si jambo la kupuuza. Hesabu kamili za takwimu hutumia mengi zaidi ya sarafu, ila mantiki yake ni hiyo.

Sasa ng'ambo. Mwaka 1999 yakatoka matokeo ya wilaya ya Rakai, Uganda. Walioshiriki walikuwa 15,127, zaidi ya wale wa Mwanza. Huko hawakungoja mgonjwa aje zahanati. Walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 wakitoa dawa za magonjwa ya zinaa kwa kila mtu mzima aliyekubali, awe na dalili au asiwe nazo. Magonjwa kadhaa ya zinaa yalipungua kweli. VVU havikupungua. Kwenye jamii zilizopewa dawa hizo na kwenye jamii linganishi pia, katika kila watu 100 waliofuatiliwa kwa mwaka, wapya walikuwa 1.5 hivi. Mwaka 2003 utafiti wa tatu, wa Masaka, huko huko Uganda, nao ukasema kutibu magonjwa ya zinaa hakukupunguza VVU.

Mwanafalsafa Karl Popper alifundisha kwamba dai la kisayansi ni lile linaloweza kukanushwa, na kwamba maelfu ya mifano inayolikubali haina uzito wa mfano mmoja unaolikataa. Ukimfuata kwa haraka, ungesema Rakai imeua dai la Mwanza, tuzike twende. Naliheshimu somo la Popper, lakini mtu akilichukua kavu hivyo atatupa vitu vyenye thamani. Kabla ya kuzika, uliza kwanza kama tafiti hizi mbili ziliuliza swali moja.

Hazikuuliza. Wakati utafiti wa Mwanza unaanza, watu wazima wenye VVU katika jamii zile walikuwa kama asilimia 4. Rakai walikuwa karibu asilimia 16. Fikiria nyumba ya nyasi iliyoshika moto. Moto ukiwa bado uko pembeni mwa jiko, ndoo mbili zikimwagwa pale pale zinaokoa nyumba. Ukishapanda paa lote, kumwagia jiko hakusaidii, hata kama ni kweli kwamba moto ulianzia hapo. VVU vikiwa bado vichache, husambaa zaidi kati ya watu wenye wapenzi wengi, na hao ndio wenye magonjwa ya zinaa. Vikishaenea hadi kwa wanandoa waliotulia, maambukizi mengi hutokea bila kidonda chochote.

Pia njia za tiba zilitofautiana. Anayeumwa leo Mwanza alitibiwa leo. Wa Rakai angeweza kuambukizwa tena wiki moja baada ya dawa, akakaa miezi tisa akisubiri msafara urudi. Watafiti wa pande zote mbili baadaye walikaa pamoja na takwimu zao na mifano ya kompyuta inayoiga jinsi ugonjwa unavyosambaa, wakaona kwamba tofauti za jamii zenyewe zinaeleza sehemu kubwa ya mgongano ule. Nami naegemea huko, ingawa sioni kama wanaolaumu ratiba ya dawa wamekosea njia.

Hapa msomaji mkali atanikamata: kumbe kila matokeo yakikataa, mnatafuta kisingizio! Ni kweli, na hatari hiyo ipo. Imre Lakatos, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha London, alitoa kipimo ninachokipenda. Maelezo yanayoongezwa ili kuokoa wazo yana haki ya kuishi iwapo tu yanatabiri jambo jipya linaloweza kupimwa. Yakibaki kuziba matundu tu, wazo hilo linaoza.

Basi tuwapime watafiti wa ziwa kwa kipimo hicho. Walipochunguza vidonda vya Rakai, waligundua vingi vilitokana na hepesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri, ambayo ni virusi. Dawa za bakteria zilizogawiwa haziwezi kuigusa hepesi. Kwa hiyo utabiri ukawa huu: ukiituliza hepesi kwa dawa yake, asikilovia, maambukizi ya VVU yatapungua. Utabiri ulio wazi namna hii unaweza kukuaibisha, na ndiyo maana una thamani.

Jaribio likafanyika huku kwetu, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa wanawake 821 wenye hepesi wasio na VVU, wengi wakifanya kazi kwenye baa, nyumba za wageni na migahawa. Nusu walipewa asikilovia mara mbili kwa siku. Nusu walipewa kidonge bandia kinachofanana nacho kwa kila kitu isipokuwa dawa. Mhusika hakujua anameza kipi, na anayempima hakujua pia, kwa sababu mtu akijua hubadilika, na anayempima akijua macho yake huanza kuona anachokitamani.

Matokeo yakatoka mwaka 2008. Walioambukizwa VVU kwenye kundi la dawa walikuwa 27. Kwenye kundi la kidonge bandia walikuwa 28.

Mwanafizikia Mfaransa Pierre Duhem aliwahi kueleza kwamba wazo halipandishwi kizimbani peke yake, hupandishwa na ndugu zake wote. Hukumu ikitoka, hujui aliye na hatia ni yupi. Je, wazo la hepesi ni bovu? Au dozi ilikuwa ndogo? Au vidonge vilimezwa na kapu la taka? Washiriki walikadiriwa kumeza kiasi cha asilimia 90 ya vidonge, hilo likapunguza shaka ya mwisho. Kisha mwaka ule ule jaribio lingine kubwa zaidi, la nchi kadhaa, likatoa jibu lile lile. Hapo hapakuwa tena na pa kujificha.

Nitoke njiani kidogo. Kinachonifurahisha katika mnyororo huu ni kwamba matokeo ya "hapana" yalichapishwa. Mkoani Mwanza pia, kati ya 1998 na 2002, mradi wa MEMA kwa Vijana ulijaribu elimu ya afya ya uzazi katika jamii 20. Ujuzi wa vijana uliongezeka, lakini VVU havikuonekana kupungua. Waliofanya kazi ile kwa miaka wakaandika hivyo, bila kupaka rangi. Matokeo kama hayo yakifungiwa kabatini, mwingine atatumia fedha na miaka kuirudia njia ile ile isiyofika.

Turudi kwenye hepesi. Dawa inapunguza vidonda, vidonda ni mlango, lakini mlango haukufungwa. Kwa nini? Mwaka 2009 watafiti wa Seattle, Marekani, walichukua vipande vidogo vya ngozi mahali ambapo vidonda vya hepesi vilikuwa vimepona. Kwa macho, ngozi ilikuwa safi. Kwa darubini, chembe za kinga za CD4, zile ambazo VVU huzivamia, zilikuwa bado zimejazana pale miezi baada ya kidonda kupona, hata kwa watu waliokuwa wakimeza asikilovia kila siku. Bila ile 27 kwa 28, nani angehangaika kuchungulia chini ya ngozi iliyopona?

Zahanati hazikuacha kutibu magonjwa ya zinaa. Yanaharibu uzazi, kaswende inaua watoto tumboni, na mwenye dalili anapaswa kwenda mapema pamoja na mwenza wake. Kilichobadilika ni tegemeo kwamba tiba hiyo pekee ingelizuia wimbi la VVU kila mahali.

Nilirudi Mwaloni nikamtafuta yule mama, nikamsimulia yote, toka 48 kwa 82 hadi kwenye ngozi. Alisikiliza huku akipepeta dagaa. "Kwa hiyo kidonda kimepona juu tu," akasema. "Ndani askari bado wamejipanga, na adui anawataka hao hao askari."

"Ndiyo, mama."

"Sasa dawa ya kuwatawanya hao askari iko wapi?"

Nikamwambia hiyo bado inatafutwa, na chanjo ya hepesi yenyewe haijapatikana. Akanipimia dagaa za shilingi elfu tano, akaongeza kiganja kimoja juu.