Doa la nguzo ni nini? Maana yake kwenye akiolojia, na jinsi lilivyoirudisha ngome ya Jamestown

Kama umekulia kwenye nyumba ya fito na udongo, hii dhana unaijua tayari, jina lake tu ndo hukuambiwa. Banda la jikoni la bibi yangu lilianguka nikiwa darasa la tano, nguzo nzima watu wakaenda kuchomea kuni, zilizoliwa na mchwa zikaachwa hapohapo, udongo wa kuta ukayeyuka masika mawili matatu na mwishowe pakawa uwanja wa kuanikia mahindi. Lakini bibi akishafagia asubuhi afu akanyunyiza maji kidogo vumbi litulie, unaona mabaka meusi ya duara kwenye ule udongo mwekundu, yamejipanga mstari, na mi nilikuwa naruka kutoka baka moja kwenda jingine bila kujua kuwa nauzunguka ukuta wa jiko. Lile baka ndo waakiolojia wanaliita doa la nguzo.

Kwa maneno ya kawaida, doa la nguzo ni alama ya rangi inayobaki ardhini baada ya mti uliosimikwa kuoza, kuungua au kung'olewa. Mti wenyewe haupo tena, usitegemee kukuta ubao. Kilichopo ni udongo wa rangi nyingine, mweusi au kahawia iliyokolea, laini kuliko wa pembeni, na umeshika umbo la ule mti, kama ulikuwa mviringo utakuta mviringo na kama ulichongwa pembe nne utakuta pembe nne. Mti ukioza unageuka mboji, na pale unapoacha uwazi udongo wa juu wenye majivu na taka za nyumbani unaporomoka na kujaza, kwa hiyo hata ipite miaka 400 pale mahali pako tofauti na jirani yake.

Watu wanachanganya doa la nguzo na shimo la nguzo, na hapa naomba twende taratibu maana ndo penye utamu wote. Nguzo nene huwezi kuichimbia shimo la kuitosha kamili, unachimba pana zaidi, unaitumbukiza, afu unarudishia udongo pembeni na kuushindilia. Udongo uliorudishiwa umeshavurugika, wa juu umeingiliana na wa chini, una madoadoa. Basi atakayekuja kufukua baadaye anaona vitu viwili, kimoja ndani ya kingine: baka kubwa lililochanganyika, hilo ni shimo, na ndani yake baka dogo jeusi, hilo ndo doa la nguzo yenyewe. Kijiti chembamba kilichochongwa ncha kikapigwa chini hakina shimo, kina doa peke yake.

Na hapo hapo unapata tarehe. Chukua kipande cha kiko cha kuvutia tumbaku, vile viko vya udongo mweupe. Ukikikuta kwenye udongo ulioshindiliwa pembeni, kiliingia siku nguzo inasimikwa, kwa hiyo nyumba haiwezi kuwa imejengwa kabla ya kiko hicho kutengenezwa. Ukikikuta ndani ya lile doa jeusi, kiliingia baada ya nguzo kuoza au kung'olewa, yaani nyumba ishakufa. Kati ya hivyo vipande viwili inaweza kuwa sentimita 10 tu, na ndo maana hawa watu wanakasirika sana mtu akichukua kitu akakitia mfukoni bila kuandika kilikuwa wapi.

Kuyaona sio rahisi. Unaondoa kwanza udongo uliolimwa, mara nyingi kama sentimita 30 hivi, mpaka ufike kwenye udongo wa chini ambao jembe halikuugusa, afu unaukwangua kwa koleo lililonolewa na baadaye kwa mwiko, mwiko kabisa kama wa fundi ujenzi, kidogokidogo mpaka sakafu iwe laini. Kukikauka rangi zinapotea, wanapuliza maji kama bibi yangu na zinarudi. Kisha wanachora ramani na kupiga picha, halafu wanalikata doa nusu kwa wima ili waone ubavu wake. Ubavu ndo unaoamua. Mzizi unakwenda upande, unapinda na kugawanyika, shimo la panya linazunguka ovyo, lakini nguzo ina kuta zilizonyooka na kitako, iwe bapa au ncha.

Sasa Jamestown, kule Virginia, Marekani. Waingereza 104, wanaume na wavulana, walishuka pale Mei 1607 wakajenga ngome ya magogo yenye umbo la pembetatu, na ndo makazi ya kwanza ya Kiingereza Amerika yaliyodumu. Magogo yakaoza, makazi yakahamia pembeni, mji mkuu wa koloni ukaja kuhamishwa, na kwa muda mrefu sana ikaaminika kuwa mto James umeila ile ngome yote na iko chini ya maji. Mwaka 1994 mwanaakiolojia William Kelso na wenzake wakaanza kuchimba ufukweni karibu na mnara wa zamani wa kanisa. Walichokuta ni mtaro mwembamba kwenye udongo wa njano, na ndani ya mtaro madoa meusi ya mviringo, moja baada ya jingine, yamebanana kama meno. Yule anayejenga nyumba haweki nguzo zimebanana hivyo, huo ni uzio wa kuzuia mtu asipite. Wakaufuata ule mstari mpaka ukakutana na mwingine kwenye kona.

Mwandishi mmoja wa wakati ule, William Strachey, alikuwa ameacha vipimo mwaka 1610: upande wa mtoni yadi 140, pande mbili nyingine yadi 100 kila mmoja. Ukiwa na pande tatu za pembetatu unaweza kujua kona zake zina nyuzi ngapi, hesabu ya sekondari tu, na kona ya madoa ikakaribiana sana na hesabu hiyo. Mwaka 1996 wakatangaza kuwa ngome imepatikana, mto ulikula kona moja tu. Ile nyingine yote ilikuwa pale siku zote watu wanatembea juu yake, hata askari wa majimbo ya Kusini, kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani mwaka 1861, walirundika boma lao la udongo juu ya sehemu yake bila kujua.

Ndani ya ngome madoa yakaonyesha majengo pia, na hapa nilifurahi sana niliposoma mara ya kwanza, kwa sababu baadhi ya nyumba za mwanzo za hao Waingereza zilikuwa za miti iliyosimikwa ardhini na kukandikwa udongo, ufundi walioujua kwao Lincolnshire. Yaani kukandika tunakokujua. Mwaka 2010 yakapatikana mashimo makubwa ya nguzo za kanisa la 1608, ambalo Strachey alisema lina futi 60 kwa 24, na ndimo Pocahontas, binti wa mtawala mkuu wa Wapowhatan, wenyeji wa eneo lile, alifungishwa ndoa na mlowezi wa Kiingereza John Rolfe mwaka 1614. Hakuna tofali wala jiwe, ni mashimo tu.

Na kwenye mashimo ya taka mlemle ndani wakakuta vyungu vya Wapowhatan na ushahidi wa watu kutengeneza shanga za makombe kwa vifaa vya mawe. Huo uzio wa magogo haukutenganisha watu kama ramani inavyokudanganya, kuna wenyeji walikuwa wakiingia na pengine kuishi mle.

Kama kilomita 25 kutoka pale, kwenye mto York, kuna Werowocomoco, makao ya huyo mtawala, Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. John Smith, mmoja wa viongozi wa Jamestown, aliletwa hapo mateka Desemba 1607. Mahali penyewe palithibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na uchimbaji ulifanywa kwa kushauriana na makabila ya Virginia toka mwanzo, wakiwemo Wapamunkey na Wamattaponi, jambo ambalo kwa muda mrefu halikuwa kawaida kabisa. Nyumba ya kule, yehakin, ilijengwa kwa miti michanga iliyochomekwa ardhini, ikapindwa na kufungwa juu, kisha ikaezekwa kwa mikeka au magome. Kwa hiyo madoa yake ni madogo, mengi, hayana shimo pembeni, na yanazunguka umbo la yai. Mtu aliyezoea nguzo za Kiingereza anaweza kuyakwangua yote akadhani ni mizizi, na nina hakika mengi yamepotea hivyo mahali pengi.

Kitu kikubwa cha Werowocomoco ni mitaro miwili mirefu iliyokwenda sambamba, ikitenga eneo la ndani na sehemu ya kawaida ya mji, na huko ndani ndo yakakutwa madoa ya jengo kubwa kuliko mengine. Mitaro hiyo imepimwa ikaonekana ni ya karibu miaka 200 kabla ya meli ya Mwingereza. Vitabu vya Waingereza vinasimulia mahali hapo kama vile umuhimu wake ulianza kwa Powhatan, kumbe palishatengwa kwa heshima kabla hata hajazaliwa. Hilo hakuna Mwingereza aliyeliandika kwa sababu hakuna aliyeliona likifanyika. Na vipande vya shaba vilivyopatikana pale vinalingana na shaba ya Jamestown, ile waliyobadilishana kwa mahindi.

Plymouth, Massachusetts, nitaitaja kwa ufupi. Mwaka 2016 timu ya chuo kikuu cha Massachusetts Boston ilikuta mashimo ya nguzo ya makazi ya Waingereza ya 1620, na ndani ya mstari huo ndama amezikwa mzima. Wawampanoag, wenyeji wa pale, hawakufuga ng'ombe, kwa hiyo ule upande wa ukuta ukajulikana ni wa nani.

Na kwetu je? Kwenye mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya magofu ya msikiti wa mawe akakuta msikiti chini ya msikiti, na wa chini kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa wa miti. Ulijulikana kwa alama za vijiti na miti ardhini. Wale waliokuwa wakisema pwani hii ilianza na mawe ya wageni walikuwa hawajashuka chini vya kutosha.

Tatizo moja ni kwamba doa ukishalichimba limekwisha. Chungu utakiweka makumbusho, doa huwezi kulibeba, linabaki kwenye mchoro na picha na kwenye ile nusu uliyoiacha. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya Werowocomoco, ambayo tangu 2016 iko chini ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, haijaguswa, madoa yake yako chini ya majani bado. Jamestown wamefanya kitu kingine: wakishachimba kipande cha uzio wanasimika magogo mapya palepale yalipokuwa yale ya 1607, na ukisimama hapo unaona pembetatu.

Uwanja wa bibi umeshajengwa nyumba ya tofali, sakafu imemwagwa zege. Madoa yako chini yake.