Paladiamu, risasi na kobalti: kemia iliyo nyuma ya vidonge vya presha na sukari

Mgonjwa wa presha anayetoka kliniki hapa Nairobi na pakiti ya losartan huenda amebeba kazi ya metali ambayo mwenyewe hataiona popote kwenye pakiti. Metali hiyo ni paladiamu. Ni adimu, ni ghali, na watu wengi wanaijua, kama wanaijua kabisa, kwa sababu imo kwenye kile kifaa cha kusafisha moshi wa gari ambacho wezi wa vipuri wanakitamani.

Molekuli ya losartan ina pete mbili za kaboni, kila moja ya atomi sita, zilizoshikana moja kwa moja. Kwenye karatasi jambo hilo ni mstari mmoja wa kalamu, lakini maabara ni shughuli, kwa kuwa atomi mbili za kaboni zilizotulia kila moja kwenye pete yake hazina sababu ya kuachana na walio jirani nazo ili zishikane zenyewe. Mwaka 1979 Akira Suzuki na Norio Miyaura wa Japani walichapisha njia ya kuzikutanisha. Pete moja huvishwa boroni, ya pili huvishwa bromini, kisha paladiamu huingia kama mshenga. Hujipenyeza kati ya pete na bromini, ikaichukua ile pete nyingine kutoka kwa boroni, ikaziweka pamoja hadi zikashikana, halafu ikajitoa ikiwa nzima na kwenda kwa wachumba wengine. Boroni na bromini hubaki kando kama taka. Chembe moja ya paladiamu hurudia kazi hiyo mara nyingi mno, ndiyo maana kiasi kidogo tu huhitajika kwenye pipa zima la malighafi.

Suzuki alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2010 pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi. Katikati ya miaka ya 1990 njia hii ilikuwa tayari inatengeneza losartan, na leo ni vigumu kukuta kiwanda kikubwa cha dawa kisichoitumia. Kwa maoni yangu, watu wanaoishukuru kampuni fulani kwa dawa ya bei nafuu wangeshukuru pia hiyo metali, kwa sababu hatua moja iliyofupishwa kiwandani hupunguza bei hata kwa anayenunua vidonge huku Githurai.

Swali linalokuja upesi ni hili: je, hiyo metali haibaki kwenye dawa? Hubaki kidogo, na ndiyo maana hupimwa. Mwongozo wa kimataifa unaofuatwa na watengenezaji wa dawa unaruhusu mikrogramu 100 za paladiamu kwa siku kwa dawa ya kumeza, yaani sehemu moja kati ya elfu kumi ya gramu. Kiwanda hulazimika kusafisha dawa hadi kushuka chini ya kiwango hicho, na usafishaji huo wakati mwingine hugharimu kuliko kuunganisha pete zenyewe.

Hofu ya metali, hata hivyo, haikuzuka hivi hivi. Nairobi tumewahi kuvuta kila siku, miaka mingi, bila kuulizwa, metali iliyoingizwa kwenye petroli ikiwa imefungwa kwenye kaboni. Petroli ilitiwa kampaundi ya risasi ili injini isigonge. Kila atomi ya risasi ilishikwa na vipande vinne vya kaboni, na vipande hivyo vikaifanya metali nzito iyeyuke kwenye petroli. Vilevile vikaifanya iyeyuke kwenye mafuta ya mwili, ikapita kwenye ngozi na kufika kwenye ubongo. Petroli hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa viwanda vilivyotengeneza kiungo hicho walirukwa na akili na kufa, na bado biashara ikaendelea. Ndani ya injini vifungo vya kaboni viliungua, risasi ikatoka kwenye ekzosi na kutua barabarani, kwenye vibanda vya mboga na kwenye viwanja vya kuchezea watoto. Risasi haiozi. Iliyotua kwenye udongo haiendi popote isipokuwa ichimbwe, isombwe na maji au ipeperushwe na vumbi.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli hiyo ilikuwa imekoma kuuzwa katika ukanda huu. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021, na tangazo kwamba dunia nzima imemaliza lilitolewa Agosti mwaka huohuo na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake ni hapahapa Nairobi, mtaa wa Gigiri. Sababu mojawapo iliyosukuma mabadiliko hayo ni ya kikemia tupu: risasi huharibu ile paladiamu iliyo kwenye kifaa cha kusafisha moshi, kwa hiyo gari lenye kifaa hicho haliwezi kutumia petroli ya aina ile.

Kwa hiyo metali kushikana na kaboni si sumu kwa jumla wala si dawa kwa jumla. Cha kuuliza ni metali ipi, imeshikwa na nini, na ikishamaliza kazi inaenda wapi. Watafiti wa miaka ya karibuni wamelichukua swali hilo la mwisho kwa uzito, na jibu lao moja ni kuiacha metali kabisa.

Chukua sitagliptin, dawa ya sukari. Molekuli yake huweza kujitokeza kwa maumbo mawili, la kulia na la kushoto, yenye atomi zilezile ila hayafunikani, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ni moja tu linalotakiwa. Mwanzoni umbo hilo lilipatikana kwa kutumia rodiamu, metali ghali kuliko paladiamu kwa vipindi vingi, chini ya mgandamizo mkubwa wa haidrojeni, na bado bidhaa ilihitaji kusafishwa zaidi. Mwaka 2010 kampuni za Merck na Codexis zilieleza namna zilivyochukua kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, ambacho hakikuweza hata kuigusa malighafi hiyo, zikakibadilisha hatua kwa hatua, kila mara zikichagua kilichofanya vizuri zaidi, mpaka kikachukua nafasi ya rodiamu. Mavuno yalipanda kwa asilimia 10 hadi 13 na taka zikapungua kwa asilimia 19. Frances Arnold, aliyekuwa mwanzilishi wa mbinu hiyo ya kuvipitisha vimeng'enya kwenye mchujo wa maabara, alipata Nobel mwaka 2018. Miaka miwili kabla, kundi lake lilikuwa limefanya protini ya bakteria wa chemchemi ya maji moto ya Iceland iunganishe kaboni na silikoni, kifungo ambacho hakijulikani kutengenezwa na kiumbe chochote kwa asili.

Kwa Mkenya, chemchemi za maji moto si habari ya Iceland pekee. Ziwa Bogoria liko mwendo wa saa chache kutoka hapa. Mwaka 2007 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu utafiti na matumizi ya vijidudu vya hifadhi zetu. Mimi naona hapo ndipo kemia yetu inapaswa kuweka nguvu. Paladiamu tunainunua kwa dola, lakini bakteria wa maziwa ya magadi tunao.

Na bakteria walikuwa na kemia hii ya kushikanisha metali na kaboni kabla yetu. Vitamini B12 ina atomi ya kobalti iliyoshikana moja kwa moja na kaboni; Dorothy Hodgkin alionyesha umbo la vitamini hiyo katikati ya miaka ya 1950 kwa kutumia eksirei. Robert Woodward na Albert Eschenmoser, pamoja na wasaidizi wapatao mia moja, walitumia zaidi ya miaka kumi kuitengeneza maabara, wakamaliza mwaka 1972. Viwandani leo inatengenezwa na bakteria. Hapa kwetu, wafugaji wa Nakuru enzi za ukoloni walikuwa na ng'ombe waliokonda na kufa huku wamezungukwa na nyasi. Ilidhaniwa ni upungufu wa madini ya chuma, kumbe udongo ulikosa kobalti, na bila kobalti bakteria wa tumboni mwa ng'ombe hawawezi kutengeneza B12. Ndiyo maana chumvi ya ng'ombe huongezwa kobalti.

Binadamu hupata B12 kwenye nyama, maini, mayai, maziwa, samaki na omena. Ugali, maharagwe na sukuma wiki havina. Akiba hukaa kwenye ini kwa miaka, kwa hiyo upungufu huja taratibu, na hapa wagonjwa wa sukari wanahitaji kuwa macho: metformin, dawa ambayo wengi wao wanaimeza, hupunguza ufyonzaji wa B12 ikitumiwa muda mrefu. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo, mfano omeprazole, nazo huchangia. Dalili ni ganzi au kuchomachoma miguuni, uchovu, ulimi kuuma na kusahausahau. Ganzi hiyo husingiziwa sukari pekee. Usiache metformin kwa uamuzi wako. Mwombe daktari akupime kiwango cha B12, na ukipungukiwa utapewa sindano au vidonge, ambavyo baadhi vimeandikwa methylcobalamin. Usitumie foliki asidi peke yake kama mbadala, kwa kuwa inaweza kurekebisha damu kwenye vipimo huku neva zikiendelea kuharibika.