Nyundo ikigonga mnadani, malipo ndiyo yanaanza

Tuseme umeshinda mnada wa nyumba ya Ilazo, hapa Dodoma, kwa shilingi milioni 80. Dalali akigonga nyundo, milioni 20 zinatakiwa papo hapo, kwa sababu masharti ya kawaida ya minada ya benki ni asilimia 25 siku ileile na kinachobaki ndani ya siku 14. Nyumba ikiuzwa kwa amri ya mahakama, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai nayo inataka asilimia 25 hapo hapo, salio ndani ya siku 15. Ukishindwa kumalizia, nyumba inanadiwa upya na amana yako inaweza kwenda na maji.

Kama wakili ninayeshughulikia uhamisho wa ardhi hapa Dodoma, hili ndilo linaloninyima raha zaidi. Mtu anatoa akiba yake yote kama amana, akitegemea mkopo ambao faili lake bado liko kwa afisa mikopo. Mthamini hajafika kwenye nyumba, kamati ya mikopo ya benki haijakaa, na siku 14 zinayoyoma. Tafadhali, usinyooshe mkono kama hujui milioni 60 zilizobaki zitatoka wapi.

Juu ya bei kuna ushuru wa stempu, takriban asilimia 1, yaani kama shilingi 800,000 kwa nyumba yetu, na unalipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba utiwe saini. Kuna ada za tathmini na usajili. Halafu inakuja kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi. Kisheria ni mzigo wa muuzaji, lakini soma masharti kwa makini: yakiandikwa kwamba gharama zote za uhamisho ni za mnunuzi, utasukumiwa wewe, na bila kibali cha Mamlaka ya Mapato (TRA) hati haihami. Uliza kabla ya mnada, ujibiwe kwa maandishi. Vilevile uliza malimbikizo ya pango la ardhi, bili ya maji na kodi ya majengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU.

Dodoma tuna la kwetu. Enzi za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa Mei 2017, viwanja vilimilikishwa kwa miaka 33. Sasa ni miaka 99. Ukikuta hati bado ni ya zamani, hesabu miaka iliyobaki, kisha ulizia Jiji gharama ya kuibadilisha kabla hujapanga dau. Upekuzi kwa Msajili wa Hati nao usiuache, maana ndiko utakakoona kama kuna zuio au rehani nyingine.

Bei ya kutupa nayo isikulevye. Chini ya Sheria ya Ardhi, nyumba iliyowekwa rehani ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki haikutafuta bei nzuri mpaka ithibitishe vinginevyo, na mdaiwa anaweza kuomba mahakama ibatilishe mauzo. Kwa hiyo mimi huomba kuona notisi ya siku 60 aliyopewa mdaiwa, tangazo la mnada lililotoka angalau siku 14 kabla, na ridhaa ya mke au mume ikiwa ni nyumba ya familia. Mnunuzi wa nia njema analindwa na sheria, ila ulinzi huo unaweza kuupata baada ya miaka ya kesi, nyumba ukiitazama kwa nje.

Sharti zito kuliko yote huwa fupi: nyumba inauzwa kama ilivyo, mahali ilipo. Maana yake nyufa ni zako, na mara nyingi hata waliomo ndani ni wako. Nao ni familia, wana watoto wanaosoma shule ya jirani na pengine hawana pa kwenda. Kuwatoa kwa nguvu bila amri halali ni kosa na ni ukatili. Omba mkataba utaje nani atakayekukabidhi nyumba ikiwa tupu, na tarehe gani. Muuzaji akikataa, kadiria gharama ya shauri na kodi utakayoendelea kulipa ulikopanga, uzitoe kwenye dau lako kabla hujatamka bei.