Je, wajua? Giza la usiku ni dalili kwamba ulimwengu una umri

Hivi ushawahi kujiuliza kwa nini usiku kuna giza? Utasema jua limezama, sawa, lakini nyota nazo si majua? Kama ulimwengu hauna ukomo na umekuwepo siku zote, na nyota zimejaa kila upande, basi popote utakapotupa jicho lazima likutane na nyota, na mwanga wake ungeshatufikia zamani sana, kwa hiyo anga lote lingewaka usiku kucha. Mbona haliwaki? Jibu ni kwamba ulimwengu una umri: haujakuwa hivi siku zote, na mwanga wa nyota za mbali sana bado haujatufikia.

Na bado watu walikataa kwamba ulimwengu una umri. Mwanafizikia Albert Einstein mwaka 1917 alichomeka namba ya ziada kwenye hesabu zake ili ulimwengu utulie tu, usitanuke wala usisinyae. Mwaka 1927 padri mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, akasema unatanuka, na 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble akaonesha kadiri galaksi (kundi kubwa la nyota) ilivyo mbali ndo inavyozidi kutukimbia. Sasa kinachotanuka ukikirudisha nyuma unapata kitu kilichobanana na cha moto balaa. Mwanaastronomia Fred Hoyle hakutaka kusikia, yeye alisema galaksi zikiachana vitu vipya vinazaliwa katikati, hakuna mwanzo, na ni huyohuyo mwaka 1949 redioni aliliita wazo la wapinzani wake "mlipuko mkubwa" (Big Bang), jina likaganda mpaka leo.

Kilichommaliza ni mvumo. Mwaka 1964 kule New Jersey, Marekani, wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena inayovuma muda wote, waielekeze wapi sijui, mvumo ni uleule, wakadhani labda ni mavi ya njiwa waliojenga kiota humo, wakasafisha yote, wapi! Kumbe ni joto lililobaki la ulimwengu ulipokuwa mchanga, limepoa mpaka karibu nyuzi -270 za Selsiasi.

Kwa hiyo ulianza miaka bilioni 13.8 iliyopita? Hapa ndo wengi tunateleza. Tunachojua ni kwamba wakati huo ulikuwa moto na umebanana, ila kama ndo mwanzo wa kila kitu ni swali jingine, maana ukizirudisha hesabu za Einstein mpaka pale zinagoma. Mwanafizikia Stephen Hawking alisema kuuliza kulikuwa na nini kabla ni kama kuuliza kusini mwa Ncha ya Kusini kuna nini. Wengine wanasema ulisinyaa kwanza afu ukadunda. Mimi hilo la kudunda linanivutia zaidi, shida halijapata mvumo wake kwenye antena.