Kutosikia pampu si ushahidi kwamba pampu imekufa

Swali limekuja tena, lile lile. Corolla 110, injini ya 5A, stata inapiga vizuri ila injini haishiki. Fundi kawasha swichi, katega sikio kwenye tangi, hakusikia mlio, kasema pampu imekufa. Mwenye gari kaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kununua nyingine, ikafungwa, gari bado haliwaki. Sasa wanatafuta ya tatu, eti ya pili ilikuwa feki. Hela ya watu inateketea kwa kipimo ambacho si kipimo.

Kwenye Corolla 100 na 110, Carina na Sprinter za miaka ya 1990 zenye injini ya 5A-FE au 4A-FE, pampu ya mafuta hailii unapowasha swichi bila kupiga stata. Ndivyo zilivyotengenezwa. Ukimya huo ndio hali yake ya kawaida hata kwa gari zima kabisa. Waliozoea Honda ndio wanaochanganya mambo: Civic ya miaka hiyo hiyo huzungusha pampu sekunde mbili hivi swichi inapowashwa, kwa hiyo huko ukimya una maana. Na hata huko, kabla ya kugusa tangi, fungua rilei kuu ya mafuta (swichi inayowashwa kwa umeme) uangalie maungio yake ya risasi ya kulehemu. Zikipata nyufa, gari hugoma hasa likitoka juani, kisha huwaka jioni kana kwamba halikuwa na tatizo.

Turudi Toyota. Umeme wa pampu unapita kwenye rilei ambayo kwa nyingi za aina hii ina koili mbili. Koili ya kwanza inalishwa na waya wa stata, ndiyo maana pampu huzunguka ukiwa unapiga stata. Koili ya pili inashikwa na kompyuta, na kompyuta haiishiki mpaka ione injini inazunguka. Inaona kwa ishara ya pikapu, yaani kihisi cha mzunguko kilichomo ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Ishara hiyo ikipotea, kompyuta inaamini injini imesimama: haitoi moto wa plagi, haifungui nozeli zinazopulizia mafuta kwenye injini, haishiki rilei ya pampu. Kitu kimoja kidogo ndani ya distribyuta kimekufa, na wewe umekosa moto na mafuta kwa pamoja. Ndiyo maana mtu akiniambia "hakuna mafuta", swali langu la kwanza ni kama moto upo. Ukikosa vyote viwili, achana na tangi.

Kuna dalili nyingine ambayo watu hupita juu yake: gari linashika ukiwa bado umeshikilia funguo, linazima mara tu unapouachia. Maana yake koili ya stata inafanya kazi na ile ya kompyuta haishiki, au swichi ya funguo inapoteza mguso ikirudi nyuma. Pampu hapo haina kosa, imeshathibitisha yenyewe kwamba inasukuma.

Kipimo chenyewe ni cha dakika mbili. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha B+ na Fp kwa kipande cha waya, washa swichi, usipige stata. Pampu ilie, na ukibana mpira wa mafuta kwa vidole usikie msukumo. Soma ramani vizuri, maana ukigusisha B+ na E1 umepiga shoti na fyuzi inaondoka. Pampu ikilia, usinunue pampu. Tatizo liko kwenye amri inayotoka kwa rilei, kompyuta au distribyuta. Isipolia, bado usihukumu. Angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa mafuta unaoendeshwa na kompyuta), kisha pima volti kwenye soketi ya pampu yenyewe waya wa B+ na Fp ukiwa umeunganishwa. Volti 12 zipo na ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) ni safi? Sasa pampu imekufa. Ethi ya nyuma iliyooza kwa kutu imeua pampu nyingi zisizo na hatia.

Pampu kulia nako si kusukuma ipasavyo. Presha ya 4A-FE, mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ukiwa umechomolewa, ni psi 38 hadi 44. Isipofika hapo, anza na chujio la kwenye pampu na filta ya mafuta. Wanaotembea na taa ya mafuta imewaka mwaka mzima wajue pampu hupozwa na petroli inayoizunguka.

Moto upimwe kwa plagi iliyoegeshwa vizuri kwenye chuma cha injini, soketi za nozeli zikiwa zimechomolewa. Usiache waya wa plagi ukining'inia mbali na ethi, unaweza kuua ignaita, kifaa kinachowasha na kukata umeme wa koili ya moto. Ukifungua kifuniko cha distribyuta na rota haizunguki wakati stata inapiga, mkanda wa taimingi umekatika. Hapo stata huwa inapiga kwa wepesi usio wa kawaida.

Kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, zisomwe kabla ya kununua chochote. Kwenye kiboksi kile kile unganisha TE1 na E1, washa swichi, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Kodi 12 au 13 ni ishara ya mzunguko wa injini, 14 ni ishara ya ignaita. Ila 14 haikuambii kama ni ignaita, koili, waya au kompyuta, na wanaobadilisha ignaita kwa kuiona kodi hiyo tu wanacheza bahati nasibu.

Kwa gari linalozima likipata joto na kuwaka baada ya nusu saa, sina jibu la uhakika kila mara. Pikapu ikiwa baridi inapima sawa, ikipata joto inakata. Ignaita hivyo hivyo. Kaushio la nywele juu ya distribyuta huku umeunganisha mita husaidia, si siku zote. Kuna gari linalokataa kuzima mbele ya fundi, na hapo kufunga distribyuta ya mtumba ni kukisia, kwa sababu nayo imetoka kwenye gari la umri ule ule. Mwenye gari aambiwe hivyo waziwazi kabla hajatoa hela, na muuzaji akubali kuirudisha. Gari likizima njiani, kabla halijapoa, angalia vitu viwili: moto wa plagi, na mlio wa pampu kwa waya wa B+ na Fp. Baada ya kupoa utapima gari lisiloonyesha ubovu.