Mwanafunzi wa tiba kwa vitendo anapomhudumia mtoto wako: maelezo kwa wazazi wa Mombasa

Mzazi anayempeleka mtoto wake katika kliniki ya tiba kwa vitendo hapa Mombasa huenda akamkuta, kando ya mtaalamu, kijana mwenye daftari anayetazama, anayeuliza maswali, na baadaye anayemshika mtoto mwenyewe. Huyo ni mwanafunzi aliye katika mafunzo ya kliniki. Wako wazazi wanaompokea kwa moyo mkunjufu, na wako wanaohofia kwamba mtoto wao amefanywa chombo cha kujifunzia. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, nasi tunaowasimamia wanafunzi hawa tuna wajibu wa kuijibu waziwazi.

Tiba kwa vitendo humsaidia mtu kuzimudu shughuli za maisha yake, na kwa mtoto shughuli hizo ni kula, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, kucheza na kujifunza. Wengi wa watoto tunaowaona wana mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayoathiri misuli na mwendo, au usonji, yaani hali inayoathiri mawasiliano na uhusiano na watu. Shirikisho la Ulimwengu la Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo, lililoundwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi atimize angalau saa 1,000 za mafunzo ya kazini chini ya usimamizi kabla ya kuhitimu. Darasa haliwezi kuchukua nafasi ya saa hizo. Misuli ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo, inayokaza anaposhtuka au anapocheka na kulegea anapotulia, hujulikana kwa kuguswa, mkono wa msimamizi ukiwa karibu.

Tuchukue mfano wa kulisha, ambako ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Mama anayemlisha mtoto wake akiwa amemlaza chali mapajani hakosi malezi. Mtoto anapojikaza na kujipinda kwa nyuma, huenda hiyo ndiyo njia pekee aliyoiona ya kumtuliza. Hata hivyo, kichwa kikilala nyuma, chakula huweza kupita njia ya hewa na kuingia mapafuni, na nimonia inayorudi mara kwa mara huweza kuwa na chanzo hicho. Kwa hiyo mwanafunzi hufunzwa kumkalisha mtoto wima kwanza, nyonga zikiwa zimekunjwa, miguu ikiwa na pa kukanyaga, na kidevu kikiwa kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Kijiko huletwa kikiwa sambamba na mdomo, kwa kuwa kikitoka juu mtoto hukifuata kwa kuinua kichwa. Hugusishwa mbele ya ulimi kwa mkandamizo mdogo, kisha hungojwa midomo ifunge yenyewe. Kungoja huko ndiko kunakowashinda wanafunzi wengi mwanzoni, kwani hutaka kufuta uji kwenye meno ya juu ili tonge lipite upesi. Mtoto akikohoa, au sauti yake ikawa kama ya mtu aliyejaa maji kooni, kulisha husimamishwa na msimamizi huitwa papo hapo.

Ufundi wa mkono, hata hivyo, si nusu ya kazi. Vitabu vingi wanavyosoma wanafunzi wetu viliandikwa katika nchi ambako kula kwa mkono wa kushoto si tatizo. Mtoto wa Majengo au wa Mji wa Kale aliyepooza upande wa kulia anaishi na bibi ambaye kwake jambo hilo ni zito. Mwanafunzi akiandika kwamba lengo ni mtoto ale kwa kushoto bila kuwauliza wenyewe, ameandika lengo litakaloachwa mlangoni pa kliniki. Anapaswa kuuliza kwanza: chakula huliwa mezani au mkekani, kwa kijiko au kwa mkono, kila mtu na sahani yake au wote katika sinia moja? Familia moja itapenda kijiko ambacho mpini wake umenenepeshwa kwa kitambaa ili mkono wa kulia uweze kukishika. Nyingine itaona kwamba mtoto ana udhuru, na kushoto hakuna ubaya. Uamuzi ni wao.

Nyumba inayokula mkekani humfunza mwanafunzi pia kwamba kiti kirefu kinaweza kumtenga mtoto na ndugu zake. Kiti cha pembe, ambacho mgongo wake una umbo la kona ya ukuta, kisicho na miguu, humweka usawa wao. Kinaweza kutengenezwa kwa kadibodi zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, ufundi uliokuzwa nchini Zimbabwe. Kwa unyevu wa Pwani, kikaushwe kabisa na kupakwa rangi.

Vilevile, mama anayevuka feri kutoka Likoni akiwa amembeba mtoto wa miaka sita mgongoni hawezi kuambiwa aje kila siku. Mazoezi lazima yaingie katika kazi za nyumbani. Kuchambua mchele kwenye ungo huimarisha kidole gumba na cha shahada. Kukanda unga wa chapati hutumia mikono miwili kwa pamoja. Katika kuvaa shati, mama hufunga vifungo vyote ila hukiacha cha mwisho nusu kwenye tundu, mtoto akimalizia. Akikimudu huachiwa viwili. Hivyo kila siku ni yeye anayemaliza.

Mwanafunzi analazimika kujitambulisha na kuomba ruhusa kabla ya kumgusa mtoto. Mzazi anaweza kukataa, na kukataa kwake hakupaswi kumpunguzia mtoto huduma. Picha au video ya mtoto isichukuliwe bila idhini ya mzazi, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalizingatia.

Mafunzo haya huisha baada ya wiki kadhaa, na mtoto aliyekwisha kumzoea mwanafunzi huachwa na pengo ikiwa makabidhiano hayakufanywa vizuri. Kabla mwanafunzi hajaondoka, mzazi aombe mpango wa mazoezi ya nyumbani ulioandikwa kwa lugha anayoielewa na kutiwa saini na msimamizi, aoneshwe kila zoezi na kulifanya mwenyewe mbele yao, na aambiwe ni nani atakayemwona mtoto katika miadi inayofuata.